Wiki Mbili Bila Mwani

Tuna kamba mia mbili za mwani baharini
na mezani petu hakuna hata jani.

Karatasi ya hospitali nimeibandika kwenye friji:
asile mwani, asile samaki, asile kiini cha yai,
asiguse chumvi ya bahari.
Kisiwani Wando! Aliyeandika haya
hajawahi kuiona sahani yetu.

Nikanunua chumvi ya kiwandani,
nikatia kabichi bila mchuzi wa dagaa.
Sun-rye akaonja, akaweka kijiko.
"Deok-man, kabichi yako imefiwa."
Tukacheka, ila kicheko chake kilikwaruza,
maana wiki ya nne sasa hajameza kidonge chake.

Kidonge hicho, kidogo kama punje ya mtama,
ndicho tezi yake tangu walipoitoa ile aliyozaliwa nayo
pamoja na saratani iliyojikunyata ndani.
Wamekisimamisha makusudi. Mwili uone njaa,
na kama ipo mbegu iliyobaki mafichoni
itoke yenyewe kuomba chakula.
Ndivyo alivyoeleza Daktari Tak, akichora mgongoni mwa bahasha.
Nilimwelewa. Hata panya tunamtega kwa njaa yake.

Lakini anayeishi na hiyo njaa ni mimi naye:
soksi jozi mbili, uso umevimba,
anasinzia kijiko mkononi,
anaanza sentensi na kuisahau njiani.
Huyu aliyekuwa akinishinda kuvuta kamba!

Tarehe kumi na tisa ilikuwa siku yake ya kuzaliwa.
Huku kwetu mzazi hunywa supu ya mwani akijifungua,
na mtoto huinywa kila mwaka
kumkumbuka aliyemzaa.
Mimi nilimpikia figili.
Akainywa shingo upande, na hilo si fumbo,
kovu bado linamvuta kushoto.

Gwangju. Basi la alfajiri.
Muuguzi alishika iodini ya mionzi kwa koleo
kisha akamwambia, "Meza."
Siku mbili baadaye wakamlaza chini ya mashine,
halafu mafuta ya baridi shingoni,
na kile chombo kikipita taratibu, kikirudi, kikisimama.
Kwa nini kimesimama?
Nje nilihesabu vigae mpaka mlangoni. Sitini na mbili.
Nikahesabu tena, vikawa sitini na moja.

Picha: safi.
Damu: kile kipimo chenye jina refu
kiko chini ya kinachoweza kusomeka.
Nilikuwa nimeshainuka. Daktari Tak hakuwa amemaliza.
Kuna kifundo, milimita nne, chini ya taya la kushoto.
Umbo lake halitishi. "Tutakitazama. Njooni Agosti."
"Na baada ya Agosti?" Sun-rye akauliza.
"Februari."
"Na baada ya Februari?"
Daktari akavua miwani, akaifuta, ilhali haikuwa na vumbi.

Kwenye basi alinyamaza hadi tulipovuka daraja.
Kisha: "Kamba zetu tunazikagua kila wiki,
na hakuna anayesema shamba linaumwa."

Yeye alilala. Mimi, maji ya shingo.
Usiku vidole vyangu vilikwenda vyenyewe
kuzitafuta hizo milimita nne.
Vilipata mshipa, unapiga,
na mkono wake ukiusukuma wangu:
"Agosti, mzee. Amesema Agosti."

Leo ni asubuhi ya tano tangu kidonge kirudi.
Glasi nzima ya maji, kisha saa nzima bila kula,
hiyo ni sheria, na itabaki sheria maisha yake yote.
Sufuria iko kwenye moto mdogo.
Mwani wa kamba ya kwanza, nyama kidogo, mafuta ya ufuta.
Siku ya kuzaliwa imepita, supu haijui.

Anatazama saa ya ukutani.
"Bado?"
"Dakika ishirini."
Anainama, anavua soksi za juu.